Mwandishi akisema anaumwa hatumwamini, akisema amepona tunapanda basi

Mtazamaji wa Kando (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa wasanii na kiki, ni mambo mawili.

Kila mwandishi au mtangazaji anapotoa makala kuhusu ugonjwa wake, maoni yanakuja na sura ile ile. "Anatafuta kiki huyu." "Kaishiwa mada." "Subirini, namba ya kuchangia inakuja." "Juzi si alikuwa kwenye harusi anacheza?" Halafu tunajipongeza kwamba siku hizi hatudanganyiki kirahisi.

Mimi naona tunadanganyika vizuri tu, kwa sababu tunashuku pasipostahili. Mwandishi akiandika kwamba tumbo linamsumbua miaka nenda rudi na kila hospitali inampa dawa za minyoo, tunambishia. Huyo huyo akiandika kwamba alikunywa mizizi fulani akapona, tunamfuata inboksi kuulizia bei. Lile la kwanza yeye ndiye mwenye tumbo, hakuna anayelijua kumzidi. Hili la pili hawezi kulijua hata awe mkweli kuliko malaika, kwa sababu hajui angekuwaje asingekunywa. Tunamnyima imani kwenye jambo analolijua, tunamkopesha kwenye jambo asilolijua.

Chukueni Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, ambaye watu walimwita Babu, kijijini Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, mti wa mugariga. Kisukari, pumu, presha, saratani, Ukimwi, vyote kwa kikombe hicho kimoja na lazima ukinywe pale pale. Foleni ya magari ikapita kilomita 20. Mwisho wa Machi Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwanza, wakati huo walioripotiwa kufia njiani na kwenye foleni walishapita 50. Mawaziri walikwenda, wabunge walikwenda, na watu wakavuka mpaka kutoka Kenya. Waandishi waliotumwa kuripoti foleni nao wakapanga foleni, na baadhi wakarudi na ushuhuda badala ya habari.

Nani alisema kwenye maoni "hiyo chai"? Wachache, na waliambiwa hawana imani. Wataalamu wa serikali waliposema dawa haina sumu, kesho yake mitaani ilishakuwa "serikali imethibitisha". Imethibitisha nini? Kwamba haikuui. Hata maji ya kunde hayakuui.

Naomba tujadili bila matusi. Swali langu: tumshuku mwandishi kwenye lipi, na tumwamini kwenye lipi?

---

Ngosha wa Igoma

Mkuu umeandika vizuri ila umetuonea. Watu wanashuku maumivu kwa sababu wameshalizwa. Nani humu hajawahi kuchangia mtu "anayepelekwa India" halafu akaonekana anajenga?

Tena si Bongo tu. Kuna yule dada wa Australia, Belle Gibson. Alitangaza ana saratani ya ubongo, akasema ameidhibiti kwa vyakula, akauza programu ya simu na kitabu cha mapishi. Mwaka 2015 ikabainika hajawahi kuwa na saratani hata siku moja. 2017 mahakama ikampiga faini ya dola za Australia 410,000. Sasa ungekuwepo kipindi kile ungetuambia "yeye ndiye mwenye kichwa, hakuna anayejua zaidi yake"?

---

Mtazamaji wa Kando

Ngosha, mfano mzuri, na nakubali watu huongopa hata kuhusu maumivu. Lakini angalia alichouza. Hakuna aliyenunua saratani yake. Watu walinunua kupona kwake. Angesema tu "naumwa, sijui nitafika wapi", asingepata hata senti, na pengine wangemtukana kama tunavyowatukana wa kwetu.

Na angalia alivyonaswa. Hakunaswa na watu waliosema "mbona ananenepa" au "mbona nywele zake zipo". Waandishi wa gazeti la Melbourne waliuliza hela alizosema amezitoa kwa mashirika ya hisani zimefika wapi. Mashirika yakasema hatujaziona. Uzi ukaanza kufumuka hapo. Kwenye karatasi, siyo kwenye sura yake.

---

Shiro wa Umoja

Habari zenu majirani. Nasoma hapa Nairobi na hasira kidogo, mtanisamehe.

Nyinyi mnaongea kuhusu kushuku maumivu kama jambo la mtandaoni tu. Sisi tulikuwa na Njambi Koikai, mtangazaji na MC wa rege, wengi walimjua kama Fyah Mummah Jahmby. Alikuwa na endometriosisi, ile hali ambapo tishu inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota mahali pengine mwilini. Kwake ilifika hadi kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka. Alipasuliwa mara nyingi, akaenda kutibiwa Atlanta, akarudi, akaendelea kuongea. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 38.

Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wanamwambia nini? Ni maumivu ya mwezi tu, kila mwanamke anayo. Zaa mtoto itaisha. Umerogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa ana ugonjwa huu, na wengi huchukua miaka kabla ya kujua jina lake. Mimi nililijua kupitia kwake, si kupitia kwa daktari. Dada yangu mdogo alikuwa anazimia shuleni kila mwezi na matron akisema anakwepa mtihani.

Kwa hivyo mtu akiandika "naumwa hivi na hivi", wewe unayesema ni kiki unamzuia msichana mwingine mahali asijitambue. Hiyo ndiyo hasara yake.

Lakini hata sisi tulimeza vya uongo. Mwaka wa 1990 Rais Moi alitangaza KEMRON, dawa ya Ukimwi kutoka KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Ilikuwa interferoni, protini ya kinga ya mwili, ya kiwango kidogo, inayeyushwa mdomoni. Magazeti yalishangilia kama tumeshinda Kombe la Dunia. Wagonjwa walitoka hadi Marekani kuitafuta. Majaribio yaliyofuata, likiwemo lililofanywa Uganda, hayakuona faida yoyote. Babangu alikuwa mwalimu, aliniambia wakati huo kuuliza swali kuhusu KEMRON kulionekana ni kukosa uzalendo.

---

Kaka Mpole

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Endeleeni.

---

Mwana wa Kashai

Vijana, mimi ni wa Bukoba, na uzi huu umenigusa mahali. Mleta uzi katoa mfano wa mwandishi aliyepona. Mimi nitatoa wa mwandishi asiyeumwa kabisa, aliyekuja kutuambia na sisi hatuumwi.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Kipindi kile tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zinaingia kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kuumwa walikuwa wafanyabiashara wa mpakani. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Umeå, Sweden, walipima watu wazima Bukoba mjini. Asilimia 24 walikuwa na virusi. Mtu mmoja kwa kila wanne. Sihitaji kueleza misiba ilikuwaje, ila niseme tu ilifika mahali matanga yalipunguzwa siku kwa sababu watu hawakuwa wanapata muda wa kulima.

Basi Oktoba 1993 gazeti la Sunday Times la London likatoa makala ndefu ya mwandishi wake wa sayansi, Neville Hodgkinson, kwamba Ukimwi wa Afrika ni tauni ambayo haikuwahi kuwepo. Ushahidi wake mkubwa ulitoka kwetu Kagera. Alikuwa amezungumza na wanandoa Wafaransa waliokuwa wanaendesha shirika la kusaidia watoto, ambao walikuja wakiamini janga lipo, kisha wakabadili mawazo. Wakasema yatima si yatima wa Ukimwi, wazazi wameenda mjini tu, na wanaougua wanaugua malaria na umaskini wa siku zote.

Nataka niwe mwadilifu. Kulikuwa na kitu cha kushuku. Zahanati nyingi hazikuwa na kipimo. Kulikuwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Bangui 1985 ulioruhusu mtu ahesabiwe ana Ukimwi kwa dalili tu, kukonda, homa na kuhara kwa muda mrefu. TB nayo inakondesha. Na mashirika mengine yalikuwa yanavimbisha idadi ya yatima ili fedha ije. Kwa hiyo mwandishi alishika ncha ya jambo la kweli. Kosa lake ni kwamba kutoka kwenye "hawa wanahesabu vibaya" aliruka hadi "hakuna ugonjwa", na mwaka huo huo vipimo vya damu Bukoba mjini vilikuwa vinaonyesha asilimia 18. Imeshuka kutoka 24, ndiyo. Lakini 18 siyo hakuna.

Jarida la Nature lilimjia juu. Yeye na mhariri wake, Andrew Neil, wakasema wanazimwa kwa kusema ukweli. Huo utetezi mnaujua, mnausoma humu kila siku.

Sisi Bukoba hatukuwa na mahali pa kuandika maoni chini ya makala ile. Wengi hata hatukuiona. Ilisimulia habari zetu huko huko London, bila sisi.

---

Leicester Kwetu

Mzee Kashai shikamoo. Niongeze kitu kimoja kinachonisumbua mimi niliyeko huku Uingereza.

Gazeti ni lile lile, Sunday Times. Mwaka 2004 mwandishi wake Brian Deer alianza kumfichua Andrew Wakefield, daktari aliyetoa utafiti kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1998 uliohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Watoto 12 tu. Deer alichimba nani anamlipa daktari, akakuta mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengeneza chanjo. Akalinganisha kilichochapishwa na mafaili ya watoto, havikufanana. Lancet ikaufuta utafiti Februari 2010, na Mei mwaka huo Wakefield akafutwa kwenye daftari la madaktari.

Katikati ya hapo, safu za magazeti mengine ya huku zilijaa mama na baba waandishi wakieleza kwa nini wao binafsi hawatawachanja watoto wao. Hisia tupu. Chanjo England ikashuka kutoka zaidi ya asilimia 90 hadi karibu 80, na surua ikarudi.

Kwa hiyo kusema "gazeti fulani ni la maana" hakukusaidii. Jengo moja lilitoa uzushi wa 1993 na uchunguzi wa 2004. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na maoni anayatafutia watu wa kuyasema, mwingine alikuwa na nyaraka.

Na kwa wanaosema makala haziui: Afrika Kusini Rais Mbeki alisoma maandishi ya wanaokanusha Ukimwi, serikali yake ikachelewesha ARV, dawa za kufubaza virusi, waziri wake wa afya akahubiri vitunguu saumu na bitiruti. Watafiti wa Harvard mwaka 2008 walikadiria zaidi ya watu 330,000 walikufa mapema kwa uamuzi ule, kati ya 2000 na 2005.

---

Ngosha wa Igoma

Mzee Kashai shikamoo, heshima kwako.

Ila mbona mnaruka hapa nyumbani? Mei 2020 takwimu za korona zikasimama kwenye wagonjwa 509 na hazikutoka tena mpaka mwaka uliofuata. Kipindi kile kila mwenye kipindi redioni na kila mwenye safu alikuwa na ushuhuda wa nyungu. "Nilibanwa kifua, nikajifukiza siku tatu, leo niko fiti." Tungemwamini nani? Namba hamna, daktari anaongea kwa kunong'ona, waziri anakunywa juisi ya tangawizi kwenye runinga. Ushuhuda wa mtangazaji ndiyo ulikuwa takwimu yetu.

---

Mtazamaji wa Kando

Hapo Ngosha umenisaidia, sikulifikiria hivyo. Ushuhuda unapata nguvu pale namba zinapokosekana. Watu hawakuwa wajinga, walikuwa gizani.

Lakini hata gizani hesabu ilikuwepo. Walio wengi walioambukizwa korona walipona, waliojifukiza na wasiojifukiza. Ambao hawakupona hawakupata nafasi ya kuandika safu.

---

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi. Mwaka 2011 nilikuwa kliniki ya CTC, ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, mkoa wa kaskazini, sitautaja. Niseme kilichotokea upande wetu wa dirisha.

Walioacha ARV baada ya kikombe hawakuanguka wiki ile, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiacha dawa, virusi vinarudi kuongezeka ndani ya wiki chache, lakini mwili hausemi kitu. Unakula, unafanya kazi, unanenepa kidogo kwa furaha. Kwa hiyo ukihojiwa mwezi wa pili utasema kwa moyo wote "nimepona", na mwandishi ataandika kwa moyo wote. Hakuna aliyedanganya. Walianza kurudi baadaye, wengine na TB, wengine na ukungu mdomoni. Hakuna mwandishi aliyekuwepo siku hizo. Foleni haikuwepo, ndege hazikuwepo, hapakuwa na habari.

Jambo la pili, namba. Wakati ule kipimo cha wingi wa virusi hakikuwa kila mahali, tulitegemea CD4, hesabu ya seli za kinga kwenye damu. Sasa mtu anakuja na gazeti: fulani alikuwa na CD4 310, baada ya kikombe 380! Wapendwa, CD4 haitulii. Ukipima mtu yule yule asubuhi na jioni hupati namba ile ile. Ukiwa na mafua inashuka, mafua yakiisha inapanda. Sabini juu au chini peke yake hainiambii kitu. Lakini ikiandikwa gazetini inaonekana sayansi.

Tatu, na hili linanikera kuliko yote. Wengine walikunywa kikombe huku wanaendelea na ARV kimya kimya. Wakawa wazima, kama walivyopaswa kuwa. Sifa zikaenda Samunge.

---

Baba Neema

Sista nakuheshimu, lakini mnamsema vibaya mzee wa watu ambaye alishatangulia mbele ya haki tangu 2021. Shilingi 500 atajirike na nini? Mama yangu mzazi nilimpeleka mwenyewe kwa gari ya kukodi kutoka Singida. Sukari yake ilikuwa 17. Tuliporudi tukapima ikawa 8. Nane! Mimi siyo mwandishi, sitafuti kiki, nasema nilichokiona.

---

Mtazamaji wa Kando

Baba Neema, karibu, na hakuna anayesema umedanganya wala kwamba Babu alikuwa tapeli wa hela. Uliona 17, ukaona 8. Mimi nauliza tu katikati ya hapo kulitokea nini kingine.

---

Mwandishi Mchovu

Nimekaa kwenye dawati la makala miaka mingi, nitasema kwa ID hii kwa sababu nyingine wananijua.

Habari ikiletwa, mhariri anauliza: nani kasema, upande wa pili umempigia? Safu ikiletwa, mhariri anaangalia kama kuna kashfa ya kutupeleka mahakamani na kama urefu unatosha ukurasa. Basi. Safu ya mwenye jina haiguswi. Na safu ya ugonjwa ndiyo kabisa, nani atamwomba mgonjwa cheti cha maabara? Ataonekana hana utu. Kwa hiyo sentensi ambayo ingekataliwa kwenye habari ya ukurasa wa tatu inapita kwenye safu ukurasa wa kumi na mbili, kwa kuwa imeanza na neno "mimi".

Kichwa cha habari mara nyingi hakiwekwi na aliyeandika. Nimeshaona mwenzetu kaandika kwa tahadhari kwamba tangu aache soda na kuanza kutembea presha imetulia, na daktari kampunguzia dozi. Asubuhi kakuta kichwa kinasema ameishinda presha bila dawa. Watu wakampigia simu kumpongeza, wengine wakamwambia na wao wameacha vidonge. Alilia.

Halafu kuna zile za kulipiwa. Hizi mnazijua, mwisho wake kuna namba ya simu na "fika ofisini kwetu, mkabala na stendi". Redioni ni mbaya zaidi, mtangazaji anasoma tangazo la tiba kwa sauti ile ile anayosomea taarifa, na hakuna kinachotenganisha. Mkishuku hizo nitawapigia makofi.

Lakini msituweke wote kapu moja. Mtangazaji Katie Couric wa NBC, Marekani, alifiwa na mumewe kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 1998. Machi 2000 akaruhusu kamera wakati yeye mwenyewe anafanyiwa kipimo cha utumbo. Utafiti uliotoka 2003 ulikuta watu waliofanya kipimo kile waliongezeka kwa takriban asilimia 20. Yeye hakuwaambia watu nini kinatibu. Aliwaonyesha kipimo kikoje na kwamba unatoka mzima. Huo ni ushuhuda ambao mtangazaji anaweza kuutoa bila kuvuka mpaka wake.

---

Shiro wa Umoja

Mchovu umesema vizuri, ila nikuulize. Mbona nyinyi waandishi mnaomba "mtuamini maumivu yetu" lakini mgonjwa wa kawaida akija ofisini kwenu na maumivu hayo hayo hampi ukurasa? Dadangu hakuwa na safu.

---

Mwandishi Mchovu

Shiro, huna ulichokosea. Mwenye kalamu huanza na lake. Sina utetezi.

---

Mwana wa Kashai

Binti wa Nairobi kauliza swali ambalo na sisi tulikuwa nalo mwaka 1993. Mwandishi yule alizungumza na wageni wenzake. Angekaa benchi pale hospitali ya Ndolage na akina mama waliokuwa wanauguza watoto wao watu wazima, makala ingekuwa nyingine.

---

Ngosha wa Igoma

Haya, nafupisha msimamo wangu nikalale, kesho niko kazini. Mwandishi akisema anaumwa, nitanyamaza, kama sijui siandiki "kiki". Akiomba hela, nitauliza zinaenda wapi na nani ana risiti. Akisema kapona kwa kitu fulani, nitauliza alipimwa nini, lini, na alikuwa anatumia nini kingine. Akiweka namba ya simu mwisho wa makala, hapo tutaonana wabaya.

---

Mtazamaji wa Kando

Ngosha nakuunga mkono, ila hilo la tatu ndilo tunalolikwepa kila mara, kwa sababu kumuuliza mtu aliyepona maswali kunaonekana roho mbaya. Kumwambia anayeumwa kwamba anaigiza hakuonekani roho mbaya. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

---

Sista wa Zamu

Nimerudi, zamu ilinibana. Baba Neema, kwanza nipelekee mama shikamoo.

Kile kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya dakika ile tu. Alipopima 17 huenda alikuwa ametoka kula, au anaumwa na maambukizi, au alishakosa dawa siku kadhaa. Mkasafiri. Njiani kuelekea Samunge watu walikuwa wanalala kwenye magari, hakuna chapati wala soda, wanakula kidogo na kutembea sana. Mkarudi mkapima, pengine asubuhi hajala. Kutoka 17 mpaka 8 bila kikombe naona kila wiki hapa kliniki. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwake, nasema siwezi kujua kwa namba hizo mbili, na wewe pia huwezi.

Mama bado anatumia dawa?

---

Baba Neema

Za presha anatumia. Za sukari aliacha tangu kipindi kile, anasema Babu alimwambia kikombe ni kimoja tu kwa maisha yote. Siku hizi analalamika miguu inawaka moto usiku, tukajua ni uzee.

Mimi bado naamini kikombe kilimsaidia, hapo hamnitoi. Ila hicho kipimo kisicho cha dakika moja ni kipi, na kinapatikana hospitali ya wilaya?

---

Sista wa Zamu

Kinaitwa HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita. Si kila hospitali ya wilaya wanacho, piga simu maabara kwanza au nenda moja kwa moja ya mkoa, uulize na bei kabla ya kumsafirisha. Hahitaji kukaa na njaa na asiache dawa ya presha siku hiyo. Kama aliwahi kuambiwa ana upungufu wa damu, waambie, maana huo huvuruga majibu.

Na hiyo miguu inayowaka usiku usiiite uzee kabla hajapimwa. Wamwangalie nyayo zote mbili, mpaka katikati ya vidole, na figo wazipime hapo hapo. Usingoje tarehe ya kliniki ya presha, mpeleke wiki hii.